Umerudishwa Kituoni? Chanzo na Dawa, kwa Mpiga Kura wa Lamu

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Katika chaguzi za 2017 na 2022 nilikaa ndani ya vyumba vya kupigia kura hapa Lamu nikiwa wakala, yule anayeangalia kura kwa niaba ya chama au mgombea, na nimeona watu wakirudi nyumbani bila kupiga kura kwa mambo ambayo yangemalizika kwa dakika tano. Wengi wao hawakufukuzwa. Waliambiwa "haiwezekani", wakaona haya kuuliza, wakaondoka. Sisi watu wa Pwani hatupendi kuzozana mbele za watu, na siku nyingine zote hiyo ni tabia njema. Siku ya kura hututia hasara.

Basi kabla ya yote shika hili. Anayekupokea na mashine mezani ni karani. Mwenye kauli ndani ya chumba ni msimamizi wa kituo. Karani akikwambia haiwezekani, usitoke. Sema kwa upole, "Naomba nizungumze na msimamizi," kisha umuulize jambo moja tu: sababu ni ipi? Kila sababu ina njia yake, na hapa chini nimezipanga kwa maneno yale yale ninayowasikia watu wakiyasema mlangoni.

"Mashine haikisomi kidole changu"

Hili ndilo linalowasumbua watu wa Lamu kuliko yote, na chanzo chake ni kazi za mikono yetu. Mashine ya KIEMS, iliyoanza kutumika 2017, hutazama mistari iliyo kwenye ncha ya kidole na kuilinganisha na ile iliyochukuliwa siku uliyojiandikisha. Sasa fikiria mvuvi anayevuta kamba na nyavu, mkata boriti za mikoko, mchonga milango, mshona makuti, mama anayekuna nazi na kufua kwa mkono kila siku. Mistari yao imelika. Mzee naye ngozi yake imekauka na kulainika. Halafu kuna sababu ndogo ndogo za siku hiyo hiyo: kidole kimelowa jasho, kina mafuta ya nazi, kina chumvi ya bahari iliyogandia, au kioo cha mashine kimejaa uchafu wa vidole vya waliotangulia.

Anza na yaliyo mepesi. Futa kidole kwa kitambaa kikavu. Kikiwa kikavu kupita kiasi, kisugue kidogo kwenye paji la uso kipate unyevu. Mwombe karani apanguse kioo. Weka kidole taratibu, maana ukikandamiza mistari hubanana ikawa doa moja. Jaribu kidole kingine, kisha mkono wa pili.

Yote yakishindikana, kura yako bado ipo. Karani huingiza nambari ya kitambulisho chako kwenye mashine, jina na picha yako hutokea, picha hulinganishwa na uso wako na kitambulisho ulichoshika, kisha hujazwa Fomu 32A, fomu ya asiyetambuliwa kwa kidole, mbele ya mawakala. Baada ya hapo unapewa karatasi zako kama mwenzako. Njia hii imo kwenye kanuni za uchaguzi. Si hisani ya mtu, wala hupaswi kuiomba kama sadaka.

Mwaka 2022, katika kituo kimoja kisiwani, alikuja bibi mmoja mshona makuti. Aliweka kidole cha shahada, mashine ikakataa. Akaweka gumba, ikakataa. Akaenda kunawa bombani, akarudi akijifuta kwa ncha ya leso, ikakataa mara ya tatu. Karani, kijana mchovu aliyekuwa hapo tangu usiku, akamwambia, "Bibi, mashine imekukataa, nenda nyumbani ukapumzike." Bibi akakunja kitambulisho chake ndani ya kitambaa, akakifunga fundo, akaanza kutoka. Nilisimama nikamwita msimamizi, nikamwuliza mbona Fomu 32A haijatolewa. Msimamizi hakubisha hata kidogo. Alimwita bibi arudi, akaingiza nambari mwenyewe, na picha ya bibi ikatokea, mtandio ule ule wa buluu aliopigia picha. Mawakala tukashuhudia, fomu ikajazwa, akapewa karatasi zake sita. Alipokuwa akisubiri alinionyesha vidole vyake, ncha zote laini kama kokoto ya pwani, akasema, "Mwanangu, vidole vimeliwa na makuti." Ningekuwa nimetoka kunywa maji dakika ile, bibi huyo asingepiga kura, na hakuna mtu ambaye angejua.

Jambo la hina na piko niliseme pia, kwa sababu Agosti harusi huwa nyingi. Kuwa na hina si kosa na hakuna anayeweza kukurudisha kwa ajili yake. Lakini piko nene kwenye ncha za vidole huweza kuisumbua mashine, na weusi wake humfanya karani akutazame mara mbili akidhani ni wino wa waliokwisha kupiga kura. Ukiweza, wiki ile chora kiganja na mkono, uziache ncha za vidole wazi. Ukishachora, usibaki nyumbani. Nenda, na mashine ikigoma omba utafutwe kwa nambari.

"Jina langu halimo"

Hapa usikimbilie kudhani umefutwa. Mara nyingi umesimama kwenye mlango usio wako. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule yenye watu wengi hugawanywa mikondo kwa herufi za majina, chumba hiki na chumba kile. Kwetu kina Abdalla, Ahmed, Ali, Athman na Aisha ni wengi, na kina Mohamed na Mwanaisha vilevile. Tena herufi iliyokupangia chumba huenda isiwe ya jina unaloitwa mtaani. Kuna mama aliyejulikana mtaa mzima wa Langoni kwa jina la utani, hata yeye alikuwa amesahau kwamba kitambulisho kimeanza na jina lingine. Soma orodha iliyobandikwa mlangoni ukitazama jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na Fatma ajitafute pia kwenye Fatuma.

Ikiwa mikondo yote ya shule hiyo haina jina lako, omba utafutwe kwa nambari ya kitambulisho. Jibu likiwa ni kituo kingine, itakubidi uende huko. Kura hupigwa pale ulipojiandikisha, na uhamisho haufanyiki siku ya kura. Mkasa huu huwapata sana dada zetu walioolewa kutoka Faza, Siyu au Kizingitini wakaja kukaa Amu, yaani mjini Lamu. Amejiandikisha kwao, Lamu Mashariki, na mji wa Lamu uko Lamu Magharibi, wadi za Mkomani na Shella. Si jimbo moja. Akigundua hivyo saa nne asubuhi akiwa foleni Mkomani, boti ya Faza imeshaondoka. Dawa ya hili ni ya sasa hivi, si ya Agosti: nenda ofisi ya tume ya uchaguzi (IEBC) ya jimbo lako, uulize umeandikwa kituo gani, na kama umehama uombe uhamisho kabla sajili haijafungwa.

Na hati uliyojiandikishia ndiyo utakayoibeba. Aliyetumia pasipoti aje na pasipoti, aliyetumia kitambulisho aje na kitambulisho, halisi, si nakala wala picha kwenye simu. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliwi. Ikiwa chako kimepotea baharini au kimeliwa na mchwa, anza kufuatilia kingine mapema. Kinaporudi kina nambari ile ile, kwa hiyo sajili haikupotezi.

"Naambiwa nimeshapiga kura, na kidole changu hakina wino"

Hili linatisha kulisikia, na moyo hukuambia mara moja kwamba umeibiwa. Huenda ni kweli. Lakini nimeona chanzo kingine: mtu aliyetangulia alitafutwa kwa nambari, karani akakosea tarakimu moja au akachagua jina linalofanana, na akina Mohamed Ali Mohamed kwenye kituo kimoja wako wanne. Ndiyo maana kila anayetafutwa kwa nambari lazima picha itazamwe, na ndiyo maana sisi mawakala tuko pale.

Usipaaze sauti. Onyesha vidole vyote kumi, onyesha kitambulisho, na umwombe msimamizi asome tena nambari moja moja. Akikataa, mwambie tukio liandikwe kwenye shajara ya kituo, kitabu kile anachotakiwa kuandika yote yanayotokea siku hiyo, na umwombe wakala yeyote awe shahidi. Kisha mpigie au mfikie msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, aliye juu yake. Jambo lililoandikwa lina uzito. Jambo lililopigiwa kelele uani hubaki kelele.

"Saa mbili asubuhi na kituo hakijafunguliwa"

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Bara, kituo kikichelewa watu hulaumu lori na matope. Huku kwetu tazama bahari kwanza. Masanduku na mashine za vijiji vya visiwani huenda kwa boti, Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kusini, na njia ya kwenda Pate na Faza hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ambako maji yakikupwa chombo hupwelewa kikakaa juu ya mchanga mpaka maji yarudi. Hata ukiwa na askari na barua ya serikali, maji hayakusikii.

Tazama 2017. Kura ilipigwa 8 Agosti, na usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Ni bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, na kupwa kwa bamvua kwetu huangukia katikati ya asubuhi. Aliyetaka kuvuka Mkanda na watu wake kwenda kupiga kura saa nne alijua mwenyewe. Mwaka 2027 itakuwa tofauti: mwezi mpya ni 2 Agosti, siku ambayo jua litapatwa, kwa hiyo tarehe 10 tutakuwa kwenye maji mafu, bahari haijai sana wala haikupwi sana. Ni nafuu kwa Mkanda. Lakini kusi haiangalii mwezi, na wanaovuka kwenda Kiwayu, Ndau au Kiunga wanajua mawimbi ya nje yanavyokuwa mwezi huo. Zungumza na nahodha wako wiki moja kabla, mpange saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na msijazane kwenye boti moja kwa sababu mgombea amelipa nauli.

Ukikuta kituo kimefungwa, kaa kwenye foleni. Muda uliopotea asubuhi hufidiwa jioni: kituo kilichochelewa saa mbili huongezewa saa mbili. Kwa hiyo andika saa halisi kilipofunguliwa, na wenzako wawili waandike, ili jioni asije mtu akasema kilifunguliwa mapema kuliko hivyo.

"Wanasema hakuna mtandao"

Mtandao si sababu ya kukunyima kura. Sajili ya kituo chako imo ndani ya mashine yenyewe, na inasoma kidole bila intaneti. Mtandao unahitajika usiku, kura zikishahesabiwa, kutuma matokeo. Mwaka 2017 tume yenyewe ilitaja vituo 11,155 kati ya 40,883 kuwa nje ya mtandao wa 3G, na watu walipiga kura huko. Mashine ikifa kabisa, huletwa nyingine ya akiba. Mwaka 2022 mashine zilipogoma sehemu za Kakamega na Makueni, tume iliruhusu sajili ya karatasi itumike. Subiri kivulini, usiende nyumbani.

"Nimekosea ndani ya kituturi"

Karatasi ni sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, na mwakilishi wa wadi. Watu wengi huingia kituturini, kile kijisehemu kilichozibwa cha kuwekea alama, nazo zote mkononi, mwanga hafifu, miwani imesahauliwa nyumbani, na kalamu inaenda kwa jirani. Ukikosea, usiikunje ukaitumbukiza ukisema basi tena, wala usifute. Itoe hivyo hivyo umrudishie msimamizi, umweleze umekosea. Ataifuta hiyo na kukupa nyingine. Ikishaingia sandukuni hairudi.

Weka alama moja tu kwenye kila karatasi. Usiandike jina lako, saini wala dua, kwa sababu karatasi inayomtambulisha mwenyewe hukataliwa. Kabla ya kuingia kituturini, hakikisha karatasi zimepigwa mhuri na kwamba wagombea ni wa kwenu kweli. Usidhani makosa ya uchapishaji hayatokei: mwaka 2022 uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na wa Kakamega uliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi zilikutwa na kasoro. Kisha linganisha rangi ya karatasi na rangi ya kifuniko cha sanduku. Simu iache mfukoni. Anayekutaka umletee picha ya karatasi uliyoweka alama anataka ushahidi wa alichokununua.

"Babu haoni, nani aingie naye?"

Mtu yeyote anayemwamini, aliyetimiza miaka 18, asiwe mgombea wala wakala. Mjukuu, mke, jirani. Msaidizi huyo huapa kutunza siri na kujaza Fomu 32, na akishamsaidia mmoja hawezi kumsaidia wa pili siku hiyo. Ndiyo maana yule "mfadhili" anayewapanga wazee watano aingie nao wote azuiliwe mlangoni, na mawakala tusione haya kumzuia. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi mbele ya mawakala, na hapo siri imepungua. Kwa hiyo mzee aje na wake. Asiyejua kusoma ana haki hii sawasawa na asiyeona.

Wazee, wagonjwa, wajawazito, walemavu na kina mama wenye watoto wachanga hawapangi foleni. Ukimleta babu kwa punda au mkokoteni kupitia vichochoro, ingia moja kwa moja mpaka mlangoni useme. Askari atakupisha, na wa foleni hawatanung'unika ukisema kwa adabu.

Mavazi

Mwenye nikabu akiambiwa alinganishwe na picha, aombe karani wa kike na wasogee pembeni. Sijaona ikileta shida palipoombwa mapema. Leso na fulana zenye sura za wagombea ziache nyumbani, hata kama ndiyo leso mpya pekee uliyonayo. Kampeni huisha saa 48 kabla ya kura, na kuingia na mgombea mgongoni ni kuiendeleza. Chukua leso nyingine mkobani kama huna hakika.

"Kitambulisho changu anacho fulani"

Hii ndiyo inayoniuma. Siku chache kabla ya kura hupita mtu nyumba kwa nyumba, mara nyingi kijana wa mtaa tunayemjua na mamake, akitoa pesa kidogo na "kuweka" vitambulisho mpaka uchaguzi upite. Huwafuata wale anaojua watampigia mwingine. Hataki wampigie mtu wake, anataka wasipige kabisa. Na wanaopatikana ni kina mama wasio na kazi, kwa fedha ya unga na mchele wa siku mbili.

Hongo ya kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na anayepokea naye ana kosa, ndiyo maana watu hunyamaza. Ukiwa umeshakitoa, kifuate leo. Nenda na mtu mzima wa mtaa mwenye heshima, imamu au mzee wa mtaa, akaombe kirudi. Nimeona vikirudi hivyo usiku wa kuamkia kura, vitatu, ndani ya bahasha, bila kelele. Kisiporudi, piga ripoti polisi.

"Saa kumi na moja imefika na foleni haijaisha"

Aliye ndani ya foleni saa ya kufunga ikifika atapiga kura, hata ikiwa saa tatu usiku. Kwa kawaida askari au karani husimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye mbele yake yumo, anayekuja baadaye hayumo. Hapo ndipo watu hukata tamaa, na mara nyingi kinachowatoa ni adhana. Agosti magharibi huingia baada ya saa kumi na mbili jioni, na ukitoka nje ya lango kwenda msikitini kurudi kwenye nafasi yako kutakuwa na mjadala mrefu. Mwambieni askari mapema. Chukueni udhu kabla ya saa kumi na moja, mje na msala mmoja au miwili, na msali kwa zamu hapo hapo ndani ya ua wa shule, watano watano, wengine wakiwashikia nafasi.